Uji wa Wenye Njaa Tu

Mwaka ambao mvua iliwanunia wanyama, walichanga mtama wao wa mwisho wakapika pipa zima la uji.

"Kila mmoja kikombe kimoja," akasema Digidigi, mama wa watoto wawili waliokonda kama njiti.

"Kila mmoja?" Nguchiro, bingwa wa kushuku, aliruka juu. "Hata Tembo? Thubutu! Uji ni wa wenye njaa tu, na njaa yenyewe ithibitishwe!"

Basi wakateuliwa wakaguzi thelathini, Nguchiro akiwa mkuu wao. Wakapima matumbo kwa kamba, wakachungulia makoo, wakadai barua ya mjumbe, kisha barua ya kuthibitisha ile barua. Na kwa kuwa mkaguzi hakagui kwa tumbo tupu, kila mmoja alikunywa kikombe asubuhi, mchana na jioni.

Siku ya nne Digidigi alipata mihuri yote. Akakimbia na wanawe hadi kwenye pipa, wakamkuta Nguchiro ndani, miguu juu, akilamba.

"Unafanya nini humo?"

"Nahakikisha Tembo hajaiba!"

Tembo, aliyekuwa jirani akitafuna magome, alicheka mpaka masikio yakapiga makofi. "Mimi uji hata siupendi!"

Akautikisa mti wa mgunga, maganda yake yenye mbegu tamu yakamwagika, kila mnyama akaokota. Nguchiro akafika akiburuta kitambi.

"Na mimi je?"

"Okota tu, ndugu yangu," akasema Digidigi, mdomo umejaa. "Tukianza kukupima wewe, watoto watalala njaa tena."