Pimbi Aatamia Kiazi

Huko mlimani ambako baridi hukata masikio, Pimbi alikuwa na kiazi kitamu kimoja tu, akakilalia kukipa joto.

"Umekuwa kuku sasa, unaatamia?" akamcheka jirani yake, Nungunungu mlafi.

Kiazi kikachipua! Pimbi akatoka nacho mbio kukionyesha, na Nungunungu akamnyang'anya palepale. Akayakwanyua machipukizi, akayatupa, akatafuna kiazi chote.

Pimbi akaruka kwa furaha. "Asante kwa kunikwanyulia miche!" Akayaokota machipukizi yote, akayapanda katikati ya mawe yanayoota jua.

Siku ya kuvuna, viazi vilijaa hadi mlangoni. Nungunungu akaja akimeza mate. "Jirani, na mimi je?"

"Wewe si ulishavuna zamani!" akajibu Pimbi, mdomo umejaa.