Mlio wa Pikapu ya Kahangwa

"Iache ilie tu, fundi."

Ildefons aliinua kichwa kutoka kwenye injini. Mbele yake alisimama Vestina, mke wa Kahangwa, mwenye pikapu hiyo. Jana alikuja na mumewe, akakaa garini bila kusema neno. Leo ameshuka peke yake kwenye bodaboda, kutoka Kaagya mpaka gereji hii ya Kitendaguro, kitenge kimejaa vumbi.

"Nini kilie, mama?"

"Hiyo kelele. Usiitoe."

Ildefons alicheka. Miaka ishirini watu wamemletea magari awatolee kelele. Hakuna aliyewahi kumwomba aiache. Na hii ilikuwa kelele ya aibu, mlio mwembamba, mkali, ambao watoto wa shule waliuigiza kila Kahangwa alipopita na magunia ya kahawa kutoka Muleba. Kahangwa mwenyewe, mtu wa utani na salamu nyingi, alikuwa amelalamika: "Fundi, wananicheka hadi kanisani!"

"Njoo usikie," Ildefons alisema.

Akawasha injini. Akaumwagia mkanda maji kidogo. Ungekuwa mlio wa mkanda, ungekatika. Haukukatika. Akagusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye bolti ya puli ya kukazia mkanda, mpini sikioni, kisha akampa Vestina naye asikilize. Ndani mle kitu kilisaga kama mchanga kwenye ugali.

"Beringi ya puli imekufa. Siku yoyote itakwama na mkanda utakatika. Hapo usukani unakuwa mgumu, breki zinakuwa nzito kama unakanyaga jiwe. Mumeo anateremka milima na mzigo. Umenielewa?"

Vestina alimrudishia bisibisi. "Inaweza kukaa hivyo muda gani?"

"Wiki. Labda siku tatu."

"Leo Jumatano. Niachie mpaka Ijumaa tu, fundi. Nakuomba."

Ildefons alizima injini. Sasa ndipo alipoliona kovu juu ya jicho la mwanamke yule. Alishawahi kusikia habari za wake waliochoshwa na ndoa.

"Mama, unataka mwenzako afe njiani?"

"Sitaki mtu yeyote afe." Alisema kwa sauti ya chini sana. Alifungua kinywa tena, akawatazama wateja wawili waliokaa kwenye benchi wakingoja magari yao, akakifumba.

"Basi nenda nyumbani ukasali. Mimi siwezi kushiriki jambo hilo."

Vestina alibaki amesimama pale, kama mtu aliyeambiwa zahanati kwamba dawa zimeisha. Halafu akaenda zake.

Siku hiyo Ildefons hakula mchana. Aliweka beringi mpya, akaweka na mkanda mpya, akaijaribu pikapu mara tatu mlimani. Injini ilinguruma taratibu, laini, kama gari lililotoka bandarini. Alhamisi asubuhi Kahangwa aliichukua, akampiga begani kwa furaha. "Hata mimi mwenyewe siisikii!" Ildefons hakumwambia habari za mkewe. Aliona ameokoa mtu, na pengine ameokoa nyumba.

Ijumaa asubuhi alipigiwa simu: kwa Kahangwa kuna msiba.

Njia nzima mpaka Kaagya alikuwa akirudia kazi yake kichwani. Bolti ile aliikaza? Mkanda aliuvuta sawasawa? Kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, watu walikuwa wamejaa, wanawake wakilia. Pikapu ilisimama uani, haina hata mkwaruzo.

Alimwendea Anatolia, jirani wa familia ile, aliyekuwa ameketi kwenye majani makavu ya migomba akiwa amewakumbatia watoto wawili wa Vestina.

"Mama, ni ajali?"

"Ajali gani? Kahangwa yuko polisi."

Ildefons hakuelewa. Anatolia aliwafunika watoto kwa khanga yake.

"Kila akitoka kwenye pombe tulikuwa tunausikia ule mlio tangu kule barabara kuu," alisema. "Vestina anawakimbiza watoto, wanapita migombani, wanakuja kujificha kwangu. Leo Ijumaa alikuwa awahamishie kwa mama yake. Jana hatukusikia kitu."