Bando la Mchungaji Haruni

Haruni alikuwa amefika katikati ya jibu pale bando lilipoisha.

Alizima data, akaiwasha tena. Wapi. Alichokwisha kuandika kilibaki na kile kisaa kidogo pembeni, kimekwama. Juu yake yalikuwepo maneno ya mtu asiyemjua sura wala jina, namba tupu isiyo na picha: "Mchungaji, nimechoka kuishi. Leo ndiyo siku yenyewe. Kabla sijaondoka nataka neno moja tu, lakini liwe langu mimi, lisiwe la watu wote."

Yalikuwa yameingia dakika tatu zilizopita.

Ilikuwa Ijumaa, saa saba kasoro robo, na kijiwe cha bodaboda pale stendi ya Kibiti kilikuwa kitupu. Wenzake wote walikuwa msikitini. Mudy, ambaye siku nyingine angemrushia jero la bando bila kuuliza, alimwachia kijiwe akiangalie, akamtania, "Tulindie, mchungaji wa bando." Vibanda vya mawakala wa pesa za simu vilikuwa vimefungwa. Mfukoni Haruni hakuwa na hata mia. Alichokipata tangu asubuhi kilikuwa ndani ya tangi la mafuta.

Hivyo ndivyo huduma yake ilivyokwenda. Hakuwa na kanisa wala kapu la sadaka. Kila alfajiri, kabla ya kuingia barabarani, aliketi kitandani chumbani kwake Mchukwi, akaegemeza simu kwenye ndoo, akahubiri nusu saa. Watu elfu nne walimsikiliza, wengine wakiwa Mwanza, wengine Muscat. Pikipiki ndiyo iliyonunua bando, na bando ndilo lililowafikia. Siku pikipiki ilipolala, mahubiri nayo yalilala.

Alijaribu kumfikiria mtu wa ile namba. Kijana wa chuo, pengine, huko Dodoma au Dar, amejifungia chumbani.

"Kaka, unafika Umwe?"

Mwanamke alikuwa amesimama mbele ya pikipiki, ushungi umeshuka mpaka kwenye nyusi, simu mkononi.

"Umwe sehemu gani?"

"Chini kabisa. Kule mtoni."

Haruni alipima upesi. Kungoja swala iishe ilikuwa nusu saa, na hata ikiisha angeanza kuzunguka kuomba. Akiondoka sasa, katika muda huohuo angekuwa na hela mkononi, na Umwe sokoni kulikuwa na mama mmoja wakala asiyefunga Ijumaa.

"Elfu kumi," alisema. "Lakini twende sasa hivi, dada. Mimi nina haraka."

Mwanamke alimtazama kidogo, kama mtu anayetaka kukumbuka jambo. Hakubishania bei. Akapanda.

Haruni hakuwahi kuendesha namna ile. Aliyapita malori ya mbao moja baada ya jingine, shati limefura mgongoni. Kichwani alikuwa akilitunga lile neno moja, akilifuta, akilitunga upya. Zaburi ilikuwa ndefu mno. "Usifanye hivyo" lilikuwa jepesi mno, neno la mtu yeyote. Alitaka kitu ambacho yule kijana angekishika kwa mikono miwili.

"Kaka," sauti ilisema nyuma yake, "naweza kukuuliza jambo?"

"Tukifika, dada."

Walikwenda kitambo. Kisha tena: "Ni dogo tu."

"Nikigeuka nitatuangusha. Shikilia vizuri."

Kwenye kioo Haruni alimwona ameinamia simu yake.

Waliiacha lami, wakafuata njia ya vumbi katikati ya mikorosho, halafu mashamba ya mpunga, ambayo hayakuwa na mtu kwa sababu ya Ijumaa. Njia iliishia kwenye matete. Mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa, ukisomba magogo. Haruni hakuzima injini.

Mwanamke alishuka, akamkabidhi noti moja iliyokunjwa mara nne. Hakuondoka.

"Sasa naweza kuuliza?"

"Nisamehe, dada yangu. Kuna mtu ananisubiri, na ni suala la uhai."

"Sawa, kaka," alisema taratibu. "Asante kwa kunifikisha."

Haruni alikuwa keshageuza pikipiki.

Sokoni Umwe mama wakala alikuwa akimtolea hela mzee mmoja aliyesahau namba yake ya siri. Mzee alijaribu, akakosea, akajaribu tena. Haruni alisimama nyuma yake akiuma ndani ya shavu. Ilipofika zamu yake alisukuma noti chini ya nondo za dirisha.

"Niwekee bando la buku, mama. Hiyo chenji nitaichukua baadaye."

"Mtandao leo unasuasua, mwanangu."

"Jaribu tu, mama yangu."

Mama akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Haruni aliishika simu kwa mikono yote miwili. Alikuwa anaomba, na hakukumbuka hata neno moja la maombi anayofundisha wengine ila jina la yule wa kuombwa.

Simu ikatetemeka. Zikamiminika amina za asubuhi, amina za Mwanza, amina za Muscat. Alizipitisha zote kwa kidole gumba mpaka akaifikia ile namba isiyo na picha. Jumbe mpya zilikuwa mbili.

Wa kwanza ulitumwa saa saba na dakika tano. "Mchungaji, nimekujua kwa sauti pale stendi. Nimemshukuru Mungu, nikasema kumbe amekuleta mwenyewe."

Wa pili ulikuwa umetumwa sasa hivi.

"Nimekuomba mara tatu nikuulize, ukasema una haraka. Bado nimekaa palepale uliponishusha."