Nafasi ya Nne

Mafundi wote wa kompyuta mjini walikuwa na msimamo mmoja: ubao mkuu wa kompyuta una nafasi nne za kadi za memori, lakini jaza mbili tu. Ukizijaza zote, mashine inaanza kujikokota. Nyamizi naye alifundishwa hivyo.

Lakini zahanati iliyomwita ilikuwa na kompyuta moja tu ya kuendesha kipimo cha ultrasound, na memori mbili hazikuitosha tena. Mama mjamzito alikuwa amelala kitandani, daktari ameshika kipimo juu ya tumbo lake, na kwenye skrini moyo wa mtoto uliganda, ukaruka, ukaganda tena.

"Fundi, sijui kinachosuasua ni moyo au ni mashine," daktari alisema.

Nyamizi alizima mashine. Alichagua memori nne za aina moja, akayasugua meno ya chuma ya kila kadi kwa raba ya kufutia penseli, akazipachika zote. Alipowasha, kasi ya memori ilikuwa imeshuka. Akaipandisha mwenyewe kwenye mipangilio, hatua kwa hatua, akingoja mashine izime.

Haikuzima. Moyo ukadunda mbele yao, mdogo kama punje ya kunde, bila kukatika.

"Mbona anakimbia hivyo?" mama alinong'ona. "Anakwenda wapi?"

Daktari aliinama karibu na skrini. Alikuwa akihesabu mapigo, na Nyamizi, raba ingali mkononi, akajikuta naye anahesabu.