Mapumziko ya Msusi

Bomba la bafuni lilifunguliwa tena, na fundi cherehani alijua hakuna aliyekuwa anaoga. Katikati ya mlio wa maji zilisikika kwikwi.

Msusi akatoka, macho mekundu, akijichekesha. "Sabuni ya hoteli hii, mwenzangu! Wameitengeneza kwa pilipili?"

"Pole," fundi alijibu, akageukia dirishani.

Walikuwa chanda na pete. Mmoja mshona nguo, mwingine msuka nywele, chumba kimoja cha biashara na pazia katikati, na umbea ukivuka pazia kutwa. Miaka yote hiyo msusi hakuwahi kufunga kazi, hata kwa harusi ya binamu yake. Halafu mwezi huu, ghafla bin vuu, akatangaza kwamba wanakwenda nje ya nchi, wawili tu, kutembea na kuoga maji ya chemchemi ya moto.

"Twende sasa," alisema. "Ya mwakani anayajua Mungu."

Hata kaka wa fundi hakupinga. Mwanamume yule hununa chai ikichelewa, na tangu amchukulie dada yake majibu ya hospitali kazi yake ilikuwa kumhubiria: "Vidonda vya tumbo tu hivyo, acha ndimu." Safari hii alimbebea begi mpaka uwanja wa ndege, wala hakuuliza nani atampikia.

Fundi hakuwa mjinga. Msusi hali chakula, sahani yake humsukumia mwenzake. Hapatani bei, yeye aliyezoea kuwatoa jasho wauza vitana. Jana simu iliita, akatoka nayo mbio, na fundi akasikia kupitia mlangoni: "Ndiyo, daktari. Tunarudi Jumapili."

Na kuchoka! Asubuhi hiyo walipanda mnara wa kale, na kila kona ya ngazi msusi aliketi chini.

"Tupumzike. Miguu yangu imegoma."

Fundi aliketi naye huku akihema, akishukuru kimoyomoyo kupata kisingizio. "Tumezeeka, dada," akamtania. Msusi alicheka kidogo, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mchana walikwenda kwenye chemchemi. Msusi alimsugua mwenzake mgongo polepole, kama mtu anayeosha glasi ya mkwe. Walipovaa, gauni la fundi likampwaya mabegani. Alikuwa amelipunguza kabla ya safari, na sasa limelegea tena.

"Vitambaa vya siku hizi takataka tupu," alifoka. "Ukivaa mara mbili vinaachia."

"Kweli," msusi akasema, na sauti ikamkatikia.

Hapo moyo wa fundi ukapasuka. Aliliona akilini pazia lao, na upande wa pili kimya. Nani atamcheka akikosea kola? Nani atamwambia ukweli kuhusu wateja? Kifo kingekuja tu, hilo alikwishalimeza. Kilichomchoma ni kwamba rafiki yake alikuwa analia peke yake bafuni wakati yeye yupo. Akaapa hawataondoka pale kabla hawajalia pamoja.

Wakaketi kwenye benchi, taulo mabegani. Watu wazima walikuwa wanarushiana maji kama watoto.

"Mwenzangu," fundi akaanza, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nimeshajua."

Msusi akaganda. "Umejua? Nani kakwambia?"

"Nina macho. Nina masikio. Unafungua bomba ili nisisikie, kwani mimi kiziwi?"

Msusi akaangua kilio pale pale, mbele za watu. Fundi akamkumbatia.

"Lia. Lia, dada yangu, usione haya. Cherehani nitaifunga. Nitakulisha, nitakuogesha, nitakulaza kitandani kwangu. Wewe ungenifanyia hivyohivyo, najua. Ila niambie kwa kinywa chako: daktari amekupa muda gani?"

Kilio kikakatika. Msusi alijitoa kifuani pake, akamtazama usoni. Akaishika mikono yake yote miwili.

"Mimi ni mzima, ndugu yangu," alisema. "Daktari alimweleza kaka yako majibu yako yote, tukakubaliana wewe usijue."