Wimbo Aliouchagua Ngamia

Usinibetulie mdomo. Kwani ulikuwepo, hata useme naongopa?

Ngamia wa kinu cha mafuta alikuwa anakata roho. Chiriku, mpenda sifa, akamwahi. "Babu, nikuimbie nini uondoke nacho?"

"Nataka mlio wa kinu."

"Kinu hicho hicho ulichokilaani tangu ujanani?"

"Hicho hicho."

Punda, mvivu wa mtaa, akacheka. "Mzee anaweweseka."

"Siweweseki, mjukuu wangu. Maisha yangu yote nimekisikia nikikivuta mwenyewe. Leo nataka kukisikia nimelala. Jifunge kamba."

Ombi la anayekufa halikataliwi. Punda akazunguka, akalia kushinda kinu. Ngamia akafumba macho, akasikiliza, wala hakufanya haraka ya kufa.

Nimemaliza. Natoka, na mlango naufunga.