Cheo cha Shangazi Lou

Koti lilikuwa la Meneja Xiang, na mikono ya koti hilo ilimmeza Shangazi Lou hadi vidoleni. Aliambiwa asimame wima mbele ya ukuta mweupe wa kantini, na asicheke. Aproni ilikuwa bado imo chini ya koti. Picha ikapigwa mara mbili, basi. Kuanzia Jumatatu hiyo Lou Cuifen, mpishi wa kiwanda kwa miaka kumi na tisa, akawa mkurugenzi wa kampuni ya Wahispania.

Usishangae mapema. Huo ulikuwa mwaka wa pili wa ugonjwa, na watu walikwisha kuona makubwa kuliko hayo. Wahispania wenyewe walikimbilia kwao siku za mwanzo, wakabaki kuwa nyuso za kwenye skrini. Kiwanda chao cha sidiria kiligeuzwa cha barakoa ndani ya wiki mbili tu, kwa sababu ofisi ya wilaya iliomba, na ofisi ya wilaya ikiomba, mgeni hakatai. Xiang ndiye aliyeachiwa kila kitu.

Lou hakutaka cheo. Alitaka kufika Valencia, kwao Wahispania. Binti yake Yanli alikuwa huko na mimba ya miezi minane, mumewe amezikwa mwezi wa tatu kwa ugonjwa huohuo. Nani angemtunza uzazini? Nani angempikia kuku wa tangawizi na pombe ya mchele, na kumkataza kugusa maji baridi mwezi mzima? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Mara mbili Lou alipeleka pasipoti yake uhamiaji, na mara mbili alijibiwa kwamba safari za kutembelea ndugu zimesimamishwa. Walioruhusiwa kutoka nchini ni wenye kazi maalumu tu.

Alimlilia Xiang palepale jikoni, huku anakata figili. Xiang alisikiliza, akaenda zake. Siku ya tatu akarudi na barua.

"Shangazi, mpishi havuki mpaka," alisema. "Mkurugenzi anavuka. Wahispania wanakuita kwenye mkutano."

"Mimi na mikutano wapi na wapi, mwanangu? Hata kusoma nababaisha."

"Utakaa tu kwenye kiti. Wakimaliza, unapanda treni kwa Yanli."

"Na wewe unapata nini?"

Xiang alitazama sufuria. "Nimekula wali wako miaka yote hii," alisema.

Lou alitia sahihi kila alipoonyeshwa, na Xiang akagonga muhuri mwekundu. Mzungu mmoja kwenye skrini alimpigia makofi. Xiang angekwenda naye ili amtafsirie. Mwenyewe alijaribu kusafiri mwezi wa sita akarudi na sanduku lake, akasema ndege imefutwa.

Kantini ilikuwa imejaa maboksi ya barakoa yaliyorudishwa na hospitali moja ya mbali. Lou alipouliza, aliambiwa vipimo vyake havikuwa sawa. Akajichukulia paketi mbili za safarini, maana ya nini zioze bure. Xiang alivaa za kiwanda kingine. Eti hizi zao zilimwasha masikio.

Siku ya safari Lou alikuwa na hofu moja tu, nayo ni simu yake. Jirani wa ghorofa ya chini alikuwa amechukuliwa Jumapili na watu wa mavazi meupe, na ikisemekana umepita karibu na mgonjwa, alama ya afya kwenye simu yako hugeuka nyekundu, hata uwe mzima wa afya. Njia nzima ya kwenda uwanja wa ndege aliifungua na kuifunga. Kijani. Akaifungua tena. Kijani.

Kwenye mizani sanduku lilizidi kilo mbili. Ilikuwa tangawizi kavu, tende nyekundu na sukari guru, na hakuna alichokubali kukiacha. Ikabidi atoe blanketi la mjukuu, alilolishona kwa viraka vilivyoombwa nyumba mia moja, ili mtoto alindwe na baraka za watu mia. Xiang akalipokea, akalitia kwenye begi lake la mkononi.

Kwenye kizuizi cha afya walimpima joto, wakaitazama simu, wakampungia mkono apite. Lou alikaribia kucheza pale pale. Ilibaki dirisha la pasipoti.

"Nitangulie, Shangazi, nikuonyeshe njia," Xiang alisema.

Ofisa aliikagua pasipoti ya Xiang muda mrefu, akagonga kompyuta, akaikagua tena. Shingo ya Xiang ilikuwa imelowa jasho. Lou akamhurumia, akamtafutia leso. Kabla hajaipata, muhuri ukagongwa na Xiang akapita.

Lou akasogea.

"Safari ya nini?" ofisa aliuliza.

"Kazi. Mimi ni mkurugenzi." Alitoa kadi yake kwa mikono miwili, ile yenye picha ya koti.

"Mkurugenzi na mwakilishi wa kisheria? Ni wewe hasa?"

"Ndiye mimi."

Ofisa aliisoma kadi, kisha akaangalia nembo ndogo kwenye barakoa aliyovaa Lou. Alimwita mwenzake. Wakampa barakoa nyingine, wakamwomba avue ile yake, wakaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuandika saa.

"Mwanangu, ndege itaniacha," Lou alisema. "Binti yangu anajifungua."

"Wauguzi kumi na mmoja wamekufa wakiwa wamevaa hizi, Mama. Mwenye cheo chako hatoki nchini mpaka ajibu mahakamani." Ofisa aliinua kidevu kuelekea upande wa pili wa kioo, ambako blanketi la nyumba mia lilikuwa linachungulia kwenye begi la mtu anayetembea haraka. "Mwezi wa sita cheo hicho kilikuwa cha yule, tukamrudisha."